Mwaka Ambao Mjukuu Wangu Alikuwa Hajui Kusoma

Majina ya wote ninaowaeleza hapa ninayo. Watoto wa chekechea ya kwanza ya shule ile ninaweza kuwataja mmoja mmoja, na mama zao, na kijiji alikotoka kila bibi yao. Lakini wengi wako hai, wana kazi na wakwe, na hakuna aliyenipa ruhusa ya kumtia kwenye maandishi. Kwa hiyo nitasema mwalimu, nitasema mjomba, nitasema mtoto, na mwenye kujijua atajijua.

Tulikuwa tunakaa Buswelu, wakati Buswelu bado ni mihogo na mawe. Nyumba ilikuwa yangu, na ndani yake tulikuwa watu watatu: mimi, binti yangu ambaye hakuwa na mume, na mtoto wake wa kike. Mimi nilikaanga mapanki. Asiyeyajua nimweleze. Viwanda vya samaki vilipofunguliwa Mwanza, minofu ya sangara ikawa inapanda ndege kwenda Ulaya, na sisi wenye ziwa tukabaki na kichwa, mgongo na mkia. Hilo ndilo panki. Ukilikaanga vizuri lina nyama kidogo shingoni, na wateja wangu walikuwa wanagombania shingo.

Miaka ile ilikuwa ya ruksa. Mtu binafsi aliruhusiwa kuwa na basi, kuwa na kiwanda, hata kuwa na shule. Mama mmoja, mwalimu mstaafu kutoka Bukoba, akanunua shamba nyuma ya mawe makubwa na kuanzisha chekechea kwenye banda la nyasi. Binti yangu akapata kazi ya kuwapikia watoto uji, na mtoto wake akapokelewa kwa ajili hiyo. Sikuuliza mengi. Chekechea ni kucheza, nikasema acha acheze.

Shule ile ilikuwa inakua na watoto wenyewe. Sijui niseme vipi ieleweke. Wale wa kwanza wakipanda, ndipo chumba kinajengwa. Walipokuwa darasa la kwanza, la pili halikuwepo duniani. Walipofika la pili, fundi alikuwa bado anaezeka la tatu. Mwalimu mkuu alikuwa akitutembeza wazazi na kutuonyesha kwa kidole: hapa litakuwa la tano, pale la saba, kule kwenye mkonge itakuwa sekondari, kidato cha kwanza mpaka cha nne. Na sisi tunatazama mkonge. Sekondari ilikuja kujengwa kweli, lakini wakati ninaousimulia ulikuwa mkonge mtupu, na mbuzi wa watu.

Mjukuu wangu alikuwa kundi la mbele, na mbele yake hapakuwa na mtu. Shule nyingine unamwona mtoto wa jirani amefaulu, amekwenda sekondari, unapata moyo. Sisi tulimtazama nani? Nilikuwa naamka na swali hilo, nawasha moto nalo.

Na mambo yenyewe ya shule ile yalikuwa mageni. Hakuna fimbo. Mwalimu anaitwa dada, kama vile mmezaliwa tumbo moja. Asubuhi watoto wanakaa wanaulizana leo wafanye nini, kisha huyu anakwenda kwenye bustani, huyu kwenye udongo, huyu anapima kivuli. Mwisho wa muhula mzazi unaitwa kupewa habari za mtoto, nami nilikwenda nimevaa kitenge changu cha kanisani. Dada mwalimu, msichana mwembamba mwenye sauti ya chini, akaniambia, "Bibi, mjukuu wako anajali wenzake. Muhula huu ameshughulika sana na samaki. Anauliza maswali mazuri."

"Ameshika namba ngapi?"

"Hatupangi namba, bibi."

"Hata mwenyewe moyoni hujui nani wa kwanza?"

Akacheka. Mimi sikucheka.

Ya samaki ilikuwa kweli. Mtoto alikuwa anakaa kando ya karai langu, anapasua kichwa cha sangara kwa kijiti, anakuonyesha kijiwe cheupe kilichomo ndani na mistari yake. Alikuwa anawauliza wateja samaki wetu wa zamani, sato na ningu, wamekwenda wapi, mpaka mzee mmoja akaniambia, "Mama, huyu mtoto wako atatupeleka polisi." Mdomo ulikuwepo. Lakini alikuwa darasa la tatu, na hajui kusoma.

Nilikuwa nafungia samaki kwenye magazeti ya zamani. Mtoto wa jirani yangu, darasa la pili shule ya serikali, akija kununua alikuwa analisoma gazeti pale pale, kwa kelele, kama anamkomoa mtu. Wa kwangu anatazama picha. Siku moja nikamwekea kidole kwenye herufi kubwa, nikamwuliza, "Hapa pameandikwa nini?"

"Sijui bado, bibi."

Hilo "bado" ndilo lililonimaliza. Alilisema kwa upole, kama mtu anayengoja uji uive. Mimi nilisoma madarasa mawili tu ya kanisani, nikatolewa kulea wadogo zangu, na kusoma huku kwa kidole na midomo nilikupata ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima. Ninajua mtu asiyesoma anavyosimama mbele ya dirisha la ofisi. Nilirudi kwa yule dada mwalimu.

"Atasoma akiwa tayari, bibi," akaniambia.

"Na asipokuwa tayari?"

"Hajatokea mtoto ambaye hakuwa tayari."

"Hapa kwenu ametokea mtoto gani, mwanangu, na shule ndiyo kwanza ina darasa la tatu?"

Akanisindikiza mpaka njiani, akanishika mkono, nami niliondoka nikiogopa zaidi kuliko nilivyokuja.

Mavuno yalipokwisha akaja mwanangu wa kiume, mjomba wa mtoto, kutoka Misungwi. Alikuwa karani wa kiwanda cha kuchambua pamba mpaka walipoanza kupunguza watu, na yeye akapunguzwa. Sasa ana kiduka cha chumvi na sabuni. Mtoto akatoka ndani, akamkabili. Hakupiga goti. Alisimama wima, akamtazama machoni, akanyoosha mkono. "Shikamoo mjomba. Umesafiri salama?"

Mjomba mtu akaupokea ule mkono kama anapokea nyoka. "Marahaba. Mama, huyu ni mjukuu wako au ni mkaguzi?"

Binti yangu akacheka, nami nikacheka ili lipite. Halikupita. Tulipomaliza kula akachukua pakiti ya majani ya chai, akamwekea mtoto mbele. "Nisomee hapa." Mtoto akaigeuza huku na huku. Akasema ni majani ya chai. "Najua ni majani ya chai, hata mbuzi anajua. Nisomee." Mtoto akatazama chini.

"Kaka, mwache," binti yangu akasema. "Mtoto ana raha pale. Hajawahi kulia kwenda shule."

"Raha haiajiri mtu, dada. Mimi niliondolewa kiwandani siku ile ile na watu niliowafundisha kazi mimi, wao wakaitwa warudi, kwa sababu wana cheti cha kidato cha nne na mimi sina. Wala sikuwa mvivu. Karatasi tu." Akanigeukia. "Mama, shule zikifungwa mwezi wa kumi na mbili nakuja kumchukua. Misungwi kuna shule ya kawaida, yenye walimu na fimbo, atajua kusoma kabla ya mahindi kuchanua."

Nikasema tutaona. Kwetu mjomba akisema jambo juu ya mtoto wa dada yake asiye na mume, hilo limesemwa, na mimi ndiye mkubwa niliyebaki wa kulikubali au kulikataa. Wote wawili walinitazama mimi.

Miezi iliyofuata sikujua kukaa. Nikimwona mtoto anatoka mbio kwenda shuleni, nasema nitamtoaje mahali anapokwenda mbio? Nikimwona mtoto wa jirani na gazeti lake, nasema mwanangu wa kiume ana haki, nampoteza mtoto wa watu kwa huruma. Binti yangu alikuwa anasugua masufuria tu, kwa nguvu. Mtoto naye akaanza kulalamika tumbo, hasa asubuhi. Nikampa dawa ya mizizi. Akawa anakaa karibu na rundo langu la magazeti, analitazama. Nikadhani anatafuta picha.

Mjomba akaja kweli, wiki ya kufunga shule, na begi tupu la nguo za mtoto. Tukaondoka sisi wawili kwenda kuomba uhamisho. Mimi nilikuwa bado sijatoa neno. Nilifikiri neno litakuja lenyewe njiani, nikawa natembea polepole kulipa nafasi, na halikuja.

Tulikuta ni siku ya baraza. Kila Ijumaa shule nzima, tangu wa chekechea mpaka wa juu, walikuwa wanakaa kwa duara juu ya mawe, na mwenye shauri anasema. Kulikuwa na kibuyu kidogo, na aliyekishika ndiye mwenye haki ya kusema. Wengine wote kimya, hata mwalimu mkuu. Anayeendesha baraza siku ile alikuwa msichana wa rika la mjukuu wangu, kichwa kimenyolewa, mkali kama mjumbe wa nyumba kumi. Mjomba akaanza kusema, "Hodi jamani, tuna haraka," na yule msichana akamwambia, "Subiri kibuyu, baba." Mwanangu akakaa.

Shauri la kwanza lilimhusu dada mwalimu mwenyewe. Kitoto kimoja kikasema dada alimkata neno alipokuwa anaeleza habari zake. Na yule dada, mbele ya watu, akashika kibuyu akasema samahani. Niliinama nikatazama vidole vyangu vya miguu. Kwetu sisi mtoto hapiti hata karibu na wazee wanapokaa kuzungumza. Nikasema moyoni, basi, begi na lijae, hapa pameharibika.

Ndipo mjukuu wangu akanyoosha mkono. Kibuyu kikamfikia mkono kwa mkono.

"Nina shauri," akasema. "Mjomba wangu yule pale amekuja kunihamisha."

Macho yote yakatugeukia. Mjomba akakohoa. Kibuyu kikaanza kuja, kikafika mkononi mwake, na sasa hakuwa na njia ya kutosema.

"Shikamoo mjomba," mtoto mmoja akasema, na wote wakarudia.

"Marahaba."

"Kwa nini unamchukua?"

"Hajui kusoma."

"Hata mimi sijui," kitoto cha chekechea kikasema, na watu wakacheka. Mwenye baraza akakikanya.

"Huko kwenu wanapiga?"

"Wanapiga kidogo."

"Kidogo ni kama nini?"

Wakacheka tena. Mjomba akapandisha sauti, "Mimi nilipigwa na leo ninasoma!"

"Unafanya kazi gani?" Hawakuuliza kwa ubaya. Ndivyo walivyozoeshwa, kumjua mtu kabla ya kumwamulia.

Mwanangu akakigeuza kibuyu. "Nina duka. Nilikuwa kiwanda cha pamba."

"Mbona uliacha?"

"Nilipunguzwa. Waliorudishwa ni wenye vyeti."

Kisha yule mwenye baraza, bila kucheka, akasema, "Pole, mjomba." Na duara zima, wakubwa kwa wadogo, "Pole, mjomba." Sidhani kama tangu apunguzwe kuna mtu alikuwa amempa pole. Mimi mama yake nilimwambia avumilie. Alibaki amekishika kile kibuyu kwa mikono miwili, hajui akipeleke wapi.

Kikachukuliwa, kikarudishwa kwa mjukuu wangu. "Na wewe," akaulizwa, "unataka nini?"

Nilijua atakachosema. Nataka kubaki hapa. Nilikuwa nimejiandaa kulisikia, na nimeandaa moyo wa kulikataa.

"Nataka kujua kusoma," akasema. "Naogopa. Wa darasa la pili wameanza kunipita. Asubuhi tumbo linaniuma. Dada anasema nitasoma nikiwa tayari, na mimi nangoja, lakini sijui huko kuwa tayari kunakujaje. Labda kwangu hakuji."

Nilidhani hofu ile ni yangu peke yangu, mtoto anacheza tu na vichwa vya samaki. Kumbe tulikuwa tunaamka nayo wote wawili, nyumba moja, kitanda kimoja, kila mtu na yake. Nikamtazama dada mwalimu. Alikuwa ameweka kiganja mdomoni.

Baadaye tulikaa jikoni kwa binti yangu, pale shuleni, watu wazima na mtoto katikati, kila mtu na kikombe cha uji. Mwalimu mkuu ndiye aliyesema. Akasema hapa wanajifunza wasimsukume mtoto, lakini huyu walimwacha peke yake wakadhani wanamwacha huru. Hakutupa maneno mengi ya kitaalamu. Akamwambia dada mwalimu, "Kila asubuhi, kabla ya wengine, wewe na yeye." Akanigeukia mimi. "Na nyumbani, bibi, mtoto anahitaji mtu wa kumsikiliza."

"Mimi kusoma kwangu ni kwa kidole."

"Ndiko huko huko."

Mjomba akasema, "Mama, sema wewe."

Na neno likaja, wala halikuwa la mtu mwenye uhakika. "Mpe mpaka Pasaka," nikasema. "Pasaka ukikuta hajui, mimi mwenyewe nitamfungia begi."

Akaondoka na begi tupu. Kuanzia siku ile nililala vibaya zaidi kuliko zamani. Zamani ungeweza kusema mtoto hajafundishwa. Sasa anafundishwa, kila asubuhi, mtu mzima amekaa naye. Akishindwa sasa, utasemaje?

Dada mwalimu hakumpa kitabu. Alimwambia asimulie chochote, naye akawa anaandika yale yale aliyoyasema, kisha mtoto ayasome, maana ni maneno ya kinywa chake. Akasimulia mapanki. Nyumbani zikaja karatasi: Bibi anakaanga panki. Panki lina shingo. Mafuta yanaruka. Tulikaa mlangoni jua likiwa bado lipo, kidole chake mbele, changu nyuma. Sote wawili tulikuwa wazito. Kuna neno tulilibishania mpaka mteja akaondoka. Kuna siku aliikunja karatasi akaitupa kwenye jivu akasema hataki tena, na mkono wangu uliitafuta fimbo bila mimi kuutuma. Nikatoka nikaenda kutazama mihogo ambayo haikuwa na shida yoyote. Niliporudi alikuwa ameitoa jivuni, anaikung'uta. Siku nyingine anasoma mistari miwili bila kukwama, nafurahi, nampa shingo. Kesho yake herufi zote zimemtoka kama hajawahi kuziona. Nikawa nahesabu kanisani: hii Jumapili ya ngapi ya Kwaresima, zimebaki ngapi.

Pasaka mjomba akaja. Akala, akanawa, akasema, "Haya." Mtoto akaleta karatasi zake. "Hizo hapana, hizo umezikariri." Akavuta gazeti kutoka kwenye rundo langu, akalikung'uta magamba, akachagua mahali. "Hapa."

Binti yangu akatoka nje. Mimi nilikuwa na panki kwenye karai na sikuligeuza, nikasikia harufu ya kuungua na bado sikuligeuza.

"Be..." mtoto akasema. Kidole kikarudi mwanzo. "Be-i. Bei ya. Bei ya pa... pamba."

Mjomba hakusaidia.

"Bei ya pamba i-me. Imeshu-ka. Bei ya pamba imeshuka." Akainua kichwa. "Mjomba, bei ya pamba imeshuka? Nani ameishusha?"

"Endelea kusoma."

"Lakini nani ameishusha? Wakulima wamekubali?"

Mwanangu akafungua mdomo amkemee, na badala yake akaanza kumweleza. Kwanza kwa kifupi. Kisha akavuta kigoda. Akaeleza wanunuzi wapya wanavyokuja na malori, na mizani yao, na zamani kiwandani walivyokuwa wanapima uchafu kwenye pamba kwa mkono. Mtoto anauliza, anarudi kwenye gazeti kutafuta kama limesema hivyo, anasoma silabi tatu, anauliza tena. Sikuwa nimemsikia mwanangu akizungumza kiasi hicho tangu apunguzwe. Panki likawa mkaa.

Mwisho akasimama, akavaa kofia. "Anasoma kama bibi yake," akasema.

"Lakini anasoma, kaka," binti yangu akamjibu kutoka mlangoni. Kumbe alikuwa pale pale nyuma ya ukuta.

"Nimesikia. Abaki." Akaniaga, kisha akageuka tena, si kwa ukali. "Ila mama, darasa la saba mtihani ni wa serikali. Ule haumngoji mtu awe tayari."

Kama angejua. Nilikuwa nimelifikiria hilo kabla yeye hajamaliza chakula. Nilipaswa kushangilia, na binti yangu alikuwa ananishika mabega ananitikisa kwa furaha, na mimi nawaza darasa la saba, nawaza kundi la mbele lisilo na mtu mbele yake.

Mtoto alikuwa bado na gazeti. "Bibi, huo mtihani ukoje?"

"Sijui. Mimi sikufika huko."

"Unaogopa?"

"Naogopa."

Akafikiri kidogo. "Hata mimi," akasema. Akaweka kidole pale alipoishia, akanisogezea kigoda alichoacha mjomba wake, akangoja nikae.